Mtu wa Watu na Mtu wa Faragha: Maelezo Juu ya Usonji

Katika bweni lolote, liwe la Kasese mjini au la Bwera karibu na mpaka wa Kongo, hupatikana wanafunzi wa namna mbili. Yuko yule ambaye kengele ya mapumziko ikilia huwatafuta wenzake, naye pasipo mazungumzo haoni raha. Na yuko yule ambaye kengele hiyo hiyo ikilia huchukua kitabu chake akaenda kukaa chini ya mti. Hakuna aliyewafundisha kuwa hivyo. Wa kwanza twamwita mtu wa watu. Wa pili twaweza kumwita mtu wa faragha. Wote wawili ni wazima, na shule yawahitaji wote wawili.

Katika makala haya nataka kueleza jambo linalowatatiza wengi. Je, tofauti hii hupatikana pia kati ya watu wenye usonji? Wengi hujibu upesi kwamba haipatikani. Husema kwamba mwenye usonji ni mtu aliyejifungia ndani, hataki watu, basi. Jibu hilo si kweli, na limewadhuru watoto wengi. Walio kimya wameachwa peke yao, ati ndivyo wapendavyo. Na walio wasemaji wamechapwa, ati ni watundu.

Kwanza yatupasa kujua usonji ni nini. Usonji si ugonjwa wa kuambukizwa. Si uchawi, wala hauletwi na chanjo, wala si matokeo ya mama kutompenda mtoto wake, ingawa huko Ulaya na Marekani wako wataalamu waliowasingizia akina mama jambo hilo kwa miaka mingi. Usonji ni namna ubongo unavyokua tangu utoto, na sehemu kubwa ya sababu zake ni urithi wa damu. Huonekana kwa mambo mawili. La kwanza ni shida katika kuongea na watu: kujua zamu ya kusema, kusoma uso wa mwenzako, kufahamu mzaha na fumbo. La pili ni kupenda mambo yaende vile vile kila siku, kurudiarudia matendo, kushika jambo moja kwa bidii kubwa, na kuwa na hisi zilizo kali mno au hafifu mno. Wengine hawasemi kabisa. Wengine husema kama kitabu. Wengine huhitaji msaada maisha yao yote. Wengine humaliza chuo kikuu.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba katika mwaka 2021 mtu mmoja katika kila watu 127 alikuwa na usonji. Hapa Uganda pia jambo hili limechunguzwa. Yalikuwako maswali kumi ambayo wazazi katika nchi nyingi waliulizwa ili kutambua watoto wenye ulemavu, lakini hayakuugusa usonji vya kutosha. Basi Daktari Angelina Kakooza-Mwesige wa Chuo Kikuu cha Makerere pamoja na wenzake waliyaongeza yakawa 23, wakapima watoto 1169 wa umri wa miaka 2 mpaka 9. Habari zao zilichapwa mwaka 2014: wapata watoto saba katika kila 1000 walikuwa na usonji. Twaona basi kwamba jambo hili si la Wazungu peke yao.

Kupata maswali yanayotufaa si kazi ndogo. Vitabu vya ng'ambo husema kwamba mtoto mwenye usonji aghalabu hamtazami mtu machoni. Lakini katika nyumba nyingi za milima ya Rwenzori, kama kwingineko Afrika, mtoto anayemsalimu mzee huku ameinamisha macho ana adabu, na anayemkazia macho ndiye atakayeonywa. Mgeni asiyejua desturi angeweza kuwahesabu watoto wenye adabu kuwa wana usonji, na akampita mwenye usonji aliye mbele yake. Hili latufundisha kwamba sura ya nje yaweza kutudanganya.

Kosa la kudhani kwamba usonji ni kupenda upweke lilianza zamani, nalo lilianza katika jina lenyewe. Katika lugha za Ulaya neno la usonji lilitungwa kutoka neno la Kiyunani lenye maana ya "mwenyewe". Aliyelitunga ni daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, ambaye alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1911. Yeye hakuwa akisema habari za watoto. Alisema habari za wagonjwa wa akili wazima, waliouacha ulimwengu wa watu wakaishi katika mawazo yao.

Katika hospitali hiyo hiyo ya Bleuler, mjini Zürich, alifanya kazi daktari kijana aitwaye Carl Jung, tangu mwaka 1900 mpaka 1909. Ndiye ambaye mwaka 1921 alitoa kitabu juu ya aina za watu, akawagawa walio na nguvu za nafsi zinazogeukia ndani na walio na nguvu zinazogeukia nje. Yaani hawa tuliowaita mtu wa faragha na mtu wa watu. Kwa hiyo mawazo haya mawili yametoka katika nyumba moja, na labda si ajabu kwamba watu wameyachanganya. Lakini Jung alifundisha kwamba kila mtu ana pande zote mbili ndani yake, ila mmoja huzidi. Tena hakuuita upande wowote ugonjwa.

Wasomaji wa Uganda watapenda kujua kwamba Jung alifika kwetu. Mwaka 1925 alishuka Mombasa, akapanda gari la moshi mpaka Nairobi, akaenda kukaa kati ya watu wa Mlima Elgon, akijaribu kuzungumza nao kwa Kiswahili huku ameshika kamusi ndogo. Kisha akapita Mbale na Jinja, akafuata mto Nile mpaka Misri mwaka 1926.

Sasa turudi kwenye usonji. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11, wavulana wanane na wasichana watatu. Aliona wanapenda kuwa peke yao na kuchukia mabadiliko, akaliazima lile neno la Bleuler. Mtoto wa kwanza katika maandishi hayo alikuwa Donald Triplett wa mji mdogo wa Forest, katika jimbo la Mississippi, aliyezaliwa mwaka 1933. Wazazi wake walisema furaha yake ilikuwa kuachwa peke yake. Mtu akisoma maneno hayo tu, atadhani Donald aliishi maisha yake yote nyuma ya mlango uliofungwa.

Haikuwa hivyo. Alikua, akasoma, akafanya kazi katika benki ya mji wake, akacheza gofu, akasafiri peke yake katika nchi zaidi ya 30. Watu aliowafahamu aliwapa kila mmoja namba yake, naye hakuisahau hata miaka ikipita. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake. Watu wa Forest walimpenda na kumlinda mpaka alipofariki mwaka 2023. Hakuacha kuwa na usonji hata siku moja. Lakini alikuwa mtu kati ya watu, kwa namna yake mwenyewe.

Aliyelieleza jambo hili kwa mpango ni daktari Mwingereza, Lorna Wing, ambaye mwenyewe alikuwa mama wa binti mwenye usonji. Yeye na mwenzake Judith Gould walichunguza watoto wa mtaa wa Camberwell, London, na mwaka 1979 wakaandika kwamba watoto hao si wa namna moja bali ni wa namna tatu. Wa kwanza hujitenga, kana kwamba watu hawapo. Wa pili hawajitengi, lakini hawaanzi wao. Ukiwaita huja, ukiwapa mchezo hucheza, ukiwaacha hukaa. Wa tatu huwaendea watu kwa nguvu zote, humsemesha hata mgeni njiani, huuliza maswali yale yale, husimulia jambo lao moja bila kuona kwamba msikilizaji amechoka. Hawa wa tatu ndio wanaosahauliwa. Mzazi akiambiwa kwamba huyu msemaji ana usonji, hucheka, akasema, "Huyu? Mbona haachi kuongea!"

Labda msomaji atauliza: yawezekanaje mtu apende watu, na huku awe na shida na watu? Jibu ni kwamba tumezoea kufunga mambo manne katika kifurushi kimoja. Tukiyafungua, fumbo lafumbuka.

Jambo la kwanza ni hamu ya kuwa na watu. Hii ndiyo inayotofautisha mtu wa watu na mtu wa faragha.

Jambo la pili ni ufundi wa kukaa na watu: kujua lini uanze, lini unyamaze, na uso wa mwenzako wasema nini. Mtu aweza kuwa na hamu kubwa na ufundi mdogo, kama vile mtu aweza kuupenda sana mpira na asijue kupiga chenga.

Jambo la tatu ni uvumilivu wa hisi. Fikiri soko la Mpondwe siku ya gulio: magari ya mizigo yapiga honi, wachuuzi waita kwa Kikonzo, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, samaki na kahawa vyanuka pamoja, jua lawaka, watu wasukumana kuelekea mpakani. Mtu mwenye masikio makali aweza kukimbia sokoni, si kwa kuwachukia watu, ila kwa kuwa kelele zamwumiza kama pilipili jichoni. Mtu huyo huyo, umkute jioni barazani na rafiki wawili, atazungumza mpaka usiku.

Jambo la nne ni hofu. Mtoto aliyechekwa mara nyingi kila afunguapo kinywa hujifunza kunyamaza. Mwisho watu husema kwamba ni mpole kwa asili, kumbe amefundishwa ukimya na dhihaka.

Basi mwenye usonji aweza kuwa na hamu nyingi au chache. Hilo halitoki katika usonji peke yake. Watafiti waliokusanya tafiti nyingi pamoja mwaka 2019 walikuta kwamba, kwa wastani, watu wenye usonji hupungukiwa na tabia ya mtu wa watu kuliko wengine. Wastani huo ni kweli. Lakini wastani wa urefu wa darasa hauwezi kukuambia urefu wa mwanafunzi anayeketi karibu nawe. Tena, aulizwaye katika karatasi kama apenda karamu zenye watu wengi, akijibu "La", hatujui kama alikataa watu au alikataa ngoma.

Sasa tuangalie maisha ya shule, maana huko ndiko tunakokosea zaidi. Chukua kwanza mwanafunzi mwenye usonji aliye mtu wa faragha. Hujibu maswali ya hesabu, hufuata ratiba, hasumbui mtu. Walimu humsifu kwa utulivu, nasi twaridhika. Lakini siku ratiba ikibadilishwa bila taarifa, au akihamishwa kitanda katikati ya muhula, aweza kuanguka kabisa, akalia au akakataa kula, na hakuna anayefahamu sababu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwuliza habari zake. Utulivu wake uliificha shida yake.

Chukua pili mwenye usonji aliye mtu wa watu. Huyu humfuata kiranja kila mahali akimweleza habari za magari ya moshi. Humkata mwalimu kauli ili asahihishe tarehe, wala hana nia ya kumdharau. Tarehe ilikuwa na kosa, naye akadhani kila mtu angependa kujua. Huingia katika kundi la wenzake bwaloni na kuanza hadithi yake katikati ya hadithi yao. Mara ya kwanza wanacheka, mara ya pili wanamfukuza, mara ya tatu wanamtuma kufanya ujinga ili wacheke tena, naye hutii, kwa kuwa adhani sasa amepata marafiki. Huyu ndiye mwenye hatari kubwa kuliko wote, kwa sababu hamu yake ya watu yamtia mikononi mwa wabaya. Watu hutumia juu yake ile methali isemayo debe tupu haliachi kuvuma. Lakini debe lake si tupu. Limejaa, ila hajui namna ya kumimina kidogo kidogo.

Yuko na wa tatu, ambaye ni vigumu zaidi kumtambua, na mara nyingi ni msichana. Huyu hutazama wenzake wanavyocheka, naye hucheka vivyo hivyo. Hukariri maneno ya salamu na mizaha kama mtu anayekariri shairi la mtihani. Mbele ya watu huonekana mchangamfu. Usiku hana nguvu hata ya kuvua viatu. Kuigiza hivi miezi na miaka huchosha sana, na wengi wa watu wa namna hii hawakujulikana kuwa na usonji mpaka walipokuwa watu wazima. Uchangamfu wa kuigiza si uthibitisho kwamba mtu ni mtu wa watu, kama vile ukimya wa hofu si uthibitisho kwamba ni mtu wa faragha.

Tena tusidhani kwamba ugumu wote uko upande mmoja. Mwaka 2012 mtaalamu wa Uingereza, Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba watu wenye usonji na wasio nao hushindwa kufahamiana pande zote mbili. Wazo hilo lilijaribiwa katika Chuo Kikuu cha Edinburgh na Catherine Crompton na wenzake, nao walitangaza matokeo mwaka 2020. Watu wazima 72 waliwekwa katika minyororo ya watu wanane wanane. Wa kwanza aliambiwa hadithi akamwambia wa pili, wa pili akamwambia wa tatu, mpaka wa mwisho. Mnyororo wa wenye usonji peke yao ulihifadhi hadithi sawasawa na mnyororo wa wasio nao. Hadithi iliharibika zaidi katika minyororo iliyochanganya watu wa namna mbili. Sisi watu wa mpakani twaweza kulifahamu jambo hili kwa urahisi: watu wawili wasemao lugha mbalimbali wakishindwa kuelewana, hakuna anayesema kwamba mmoja wao ni bubu.

Yatupasa kufanya nini basi? Kwa wanafunzi wenzangu nasema: usimwite mtu mwenye usonji kwa kubahatisha. Si kila mkimya anao, wala si kila msemaji, na jarida la shule si hospitali. Lakini huhitaji cheti cha daktari ili kumtendea mwenzako vizuri. Mtu wa faragha mwulize, "Wapenda kukaa peke yako, au umekosa pa kukaa?" kisha uheshimu jibu lake. Msemaji mwambie waziwazi, bila fumbo wala kejeli, "Sasa ni zamu yangu, nikimaliza utaendelea." Wengi wao hufurahi kuambiwa wazi, kwa kuwa fumbo ndilo linalowashinda. Na ukiona mwenzako anatumiwa kuwa mchezo wa watu, simama upande wake.

Kwa viranja na wale watakaokuwa walimu: mabadiliko ya ratiba yatangazwe mapema, na ikiwezekana yaandikwe ubaoni. Pawe na mahali patulivu pa kukimbilia wakati wa kelele. Fimbo haifundishi ufundi wa mazungumzo. Tena Sheria ya Watoto ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, imekataza viboko shuleni. Kazi za kundi ni njema, lakini mwanafunzi akieleza kwa maandishi jambo lile lile ambalo hawezi kulieleza mbele ya darasa, amelijua.

Kwa wanafunzi wa zamani, ambao wengi sasa ni wazazi: mtoto akichelewa kusema, asipoonyesha kitu kwa kidole, asipoitika jina lake, au akikasirishwa mno na mabadiliko madogo, msingoje aanze shule, wala msitangulie kwa mganga wa pembe. Anzeni kuuliza katika hospitali iliyo karibu, iwe Bwera, Kagando au Kilembe, nao waweza kuwaelekeza kwa wataalamu wa Mulago au Butabika mjini Kampala. Hakuna kipimo cha damu cha usonji. Daktari huuliza habari za mtoto na kumtazama. Kwa hiyo mzazi anayemfahamu mtoto wake kwa makini ndiye shahidi mkuu. Tena msimlazimishe aliye mtu wa faragha kuwa mchangamfu ili wageni wafurahi, wala msimfungie ndani aliye mtu wa watu ili wageni wasicheke. Wa kwanza mpeni utulivu. Wa pili mpeni watu wema.

Namaliza kwa kusema hivi. Usonji waeleza namna mtu anavyoupokea ulimwengu. Hauelezi kama anatupenda au hatupendi. Hilo hatuwezi kulijua kwa kutazama kimya chake wala kwa kuhesabu maneno yake. Hatuna budi kumwuliza mwenyewe, kwa maneno, kwa maandishi, au kwa ishara anazozitumia, kisha tungojee jibu lake hata likichelewa.